Globu ya mwaka 1901 bado inawaka. Za kwetu mbona zinakufa?

MTEJA anayerudisha globu iliyoungua, au ampuli kama wengine wanavyoiita huku mpakani, huwa na swali moja kwa muuza duka: "Mbona za zamani zilikuwa zinadumu?" Swali hilo lina historia.

Katika mji wa Livermore, jimbo la California nchini Marekani, ndani ya kituo cha zimamoto, inaning'inia globu iliyoanza kuwaka mwaka 1901. Ilitengenezwa na kampuni ya Shelby Electric ya Ohio. Imezimika mara chache mno. Mwaka 1976 ilihamishiwa kituo kipya kwa msafara, kama bibi harusi. Mwaka 2013 ilizimika kwa saa kadhaa, watu wakadhani imekufa. Kumbe kilichoharibika ni kifaa cha kuipelekea umeme.

Hakuna uchawi hapo. Uzi wake ni wa kaboni, mnene kuliko nyuzi za globu zilizofuata, na haupati joto kali. Tena haizimwi na kuwashwa kila siku, jambo linalouchosha uzi. Lakini maisha hayo marefu yana bei yake: sasa inatumia wati 4 hivi na mwanga wake ni hafifu. Sisi tuliosoma ukimbizini kwa kibatari tunajua mwanga wa namna hiyo unavyoumiza macho ya mwanafunzi.

Hata hivyo, lawama za wateja nazo zina msingi. Desemba 1924, mjini Geneva, makampuni makubwa ya taa, yakiwemo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, yaliunda umoja ulioitwa Phoebus. Yalikubaliana globu iishi saa 1,000, wakati nyingi zilikuwa zikifikia 1,500 hadi 2,000. Aliyetengeneza za kudumu zaidi alitozwa faini. Makampuni yalijitetea kwamba globu ya maisha mafupi hutoa mwanga zaidi kwa umeme uleule. Hilo ni kweli kitaalamu, lakini pia iliwaletea mauzo zaidi. Vita ya mwaka 1939 ndiyo iliyouvunja umoja huo.

Leo tunauza taa za LED. Vipande vinavyotoa mwanga hudumu miaka mingi. Kinachokufa mapema mara nyingi ni saketi ndogo iliyo kwenye kitako, inayopikwa na joto au kupigwa na umeme usiotulia. Mwaka 2016 Philips na Manispaa ya Dubai walitangaza taa yenye vipande vingi vya LED, kila kimoja kikipewa umeme kidogo ili kisipate joto. Ni somo lilelile la Livermore, safari hii bila kupoteza mwanga.

Basi ndugu mfanyabiashara, kabla ya kupakia katoni, soma ganda. Tazama volti, saa za maisha na kiasi cha mwanga, siyo wati peke yake. Globu ya volti 120 kutoka Marekani haifai kwenye umeme wetu wa volti 230. Washa moja kwa saa kadhaa, uishike kitako: ikichoma mkono, iache. Mweleze na mteja asiifungie taa ya LED ndani ya kifuniko kisichopitisha hewa.

Mama anayetoa pesa ya unga kununulia mtoto taa ya kusomea anastahili kuambiwa ukweli kuhusu anachonunua.