Majibu ya maabara Kyela: 'havikuonekana' si 'havipo'

Minyoo inayoleta matende na mabusha ina saa zake. Vijinyoo vyake hujaa kwenye damu ya karibu na ngozi kuanzia kama saa nne usiku hadi saa nane, muda ambao mbu wanauma; mchana hujificha kwenye mishipa ya mapafu. Mkulima wa mpunga wa Ipinda, wilayani Kyela, akitobolewa kidole saa tano asubuhi, na mtaalamu wa maabara akachungulia hadubini asipate kitu, ataandika kwa Kiingereza kwamba vijinyoo havikuonekana. Hataandika kwamba havipo. Huo ni uaminifu: anasema alichokiona, katika tone lile, saa ile.

Balaa huanzia nje ya mlango. Karatasi inamfikia mtu anayeongea Kinyakyusa nyumbani na Kiswahili sokoni, na kabla hajafika stendi imeshageuka 'sina ugonjwa'.

Malaria nayo ina mtego wake. Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini ya vimelea, si vimelea vyenyewe, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Mstari wa pili ukitokea kwenye kipimo, 'chanya' hiyo yaweza kuwa ya homa ya mwezi uliopita.

Hata matokeo ya utafiti hupindishwa hivyo hivyo. Tangu 2006 hadi 2011 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mbeya, na wenzao wa Munich waliwafuatilia wakazi wa Kyela. (Wao walipima antijeni, yaani protini ya minyoo kwenye damu, ambayo haichagui mchana wala usiku.) Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 2016: wenye minyoo ya matende walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango cha zaidi ya mara 2 ya wasio nayo. Waliandika kuwa mambo hayo mawili yanahusiana. Anayesema kijiweni kwamba matende huleta UKIMWI ameongeza lake.

Siwalaumu wanaoandika Kiingereza, ndicho walichosomea. Lakini tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mgonjwa bado anasubiri majibu kwa lugha hiyo. Mstari mmoja wa Kiswahili chini ya majibu hauhitaji bajeti ya wizara.

Mpaka mstari huo upatikane, ndugu msomaji, usitoke kwa daktari bila kuuliza: kipimo kimechukuliwa saa ngapi, kimetafuta nini, na kinarudiwa lini?