Je, Wajua? Kigari cha Mkononi, Kutoka Tinde hadi Katoro

Je, wajua kwamba herufi za namba ya gari hazisemi umri wake? Dalali wa Kahama atakuambia, "Bosi, hii ni namba D, bado mbichi." Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Toyota IST ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na umbo lile la kwanza likakoma 2007. IST ya 2004 inaweza kuwa imezunguka Japani miaka kumi na zaidi kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam na kupewa D yake. Mwaka wa kuundwa umo kwenye kadi, na kadi ndiyo ya kuomba kwanza, kabla hata ya kufungua mlango.

Je, wajua kwamba namba ya chesisi ya gari la Kijapani inasomeka? Herufi ya kwanza ni ukoo wa injini. KSP90 ni Vitz ya injini ya 1KR, SCP10 ni Vitz ya zamani yenye 1SZ, na NCP ni ukoo wa NZ. Kwa IST ya kwanza, NCP60 ni ya sisi (cc) 1300, NCP61 ni 1500, na NCP65 ni 1500 inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mtu wa Shinyanga anayejua udongo mweusi wa mbuga unavyonata wakati wa mvua anaweza kulipa zaidi kwa ajili ya hiyo 65. Kabla ya kulipa, inama utazame chini: shafti na difu ya nyuma vipo? Kama vimefunguliwa, umeuziwa jina tu. Halafu linganisha namba ya kwenye kadi, ya kwenye kibati, na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Zikitofautiana hata tarakimu moja, rudisha ufunguo.

Je, wajua kwamba sisi nne tu zinaweza kupunguza kodi? Gari lisilozidi sisi 1000 halitozwi ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini linapoingia nchini. Likizidi hapo hadi 2000 linatozwa asilimia 5. Vitz na Passo zenye sisi 996 zinapona, IST ya 1298 inalipa. Umri nao una bei yake: gari la kutembelea la zaidi ya miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na likipita 10 ni asilimia 30. Wakenya wao hawaruhusu kabisa gari lililopita miaka 8 kuingia.

Je, wajua kwamba mchomoko una alama zake, hata ukishapakwa rangi? Hapa ndipo pa kutulia. Ukanda wote huu, Kahama, Masumbwe, Runzewe, Katoro, Geita mjini, magari madogo ya mchomoko hubeba abiria wengi kuliko viti vyake, na yale ya huku machimboni hubeba hata viroba vya mawe kwenda karasha. Gari la biashara huvaa namba nyeupe na la binafsi njano, lakini namba hubadilishwa, na si kila aliyebeba abiria alikuwa na nyeupe. Kwa hiyo acha namba, tazama mwili. Simamisha gari mahali tambarare, urudi nyuma hatua kadhaa: je, makalio yamekaa chini? Vitz, IST na Passo zina mhimili mmoja wa nyuma wenye springi mbili tu, na springi zilizochoka kwa mzigo hazirudi. Pitisha mkono ndani ya tairi za nyuma, uone kama zimelika upande mmoja. Inua kapeti la buti hadi kwenye kisima cha tairi la akiba. Changarawe na vumbi la mawe hukaa kwenye mikunjo ambayo muosha magari haifikii. Fungua na ufunge milango ya nyuma. Kwenye gari la familia, mlango wa dereva ndio huchoka kwanza. Ikiwa wa nyuma ndio unalegea bawaba na kishikio kimepauka, hilo gari limefunguliwa na watu wengi, na hawakuwa watoto wa mwenye gari.

Halafu lala chini. Kweli, lala, hata kama umevaa shati jeupe. Barabara ya Kahama kwenda Kakola, kwenye mgodi wa Bulyanhulu, imekuwa ya vumbi miaka mingi, na njia za kwenda kwenye rashi za wachimbaji ni mbaya zaidi. Sampo iliyobonyea au kuchomelewa, kava ya chini iliyofungwa kwa waya, buti za shafti zilizochanika na kumwaga grisi: hizo ndizo kumbukumbu za gari. Fungua pia eya klina. Ikiwa imejaa vumbi jekundu, usiishie kuipiga piga. Futa kwa kidole bomba lililo baada yake. Vumbi likionekana upande huo, injini imekuwa ikilimeza.

Je, wajua kwamba muuzaji mjanja huwasha gari kabla hujafika? Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, mwambie mtaonana kesho asubuhi. Injini iliyolala usiku ndiyo husema kweli: moshi wa bluu wa kuwaka mara ya kwanza, mlio wa cheni, mtikisiko. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa ina maana maji yamechanganyika nayo, na hapo hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo ya bei.

Lakini usiikatae Vitz ndogo au Passo kwa kutetemeka kidogo ikiwa imesimama. Injini ya 1KR ina pistoni tatu, na tatu hutikisika kuliko nne. Ikitetemeka mpaka dashibodi ilie, hapo ni maunti za injini.

Je, wajua kwamba IST na Probox ni ndugu wa injini? 1NZ na 2NZ zimo kwenye zote mbili. Kwa kuwa Probox imejaa njiani kama mchomoko, mafundi wa Kahama na Geita wameifungua injini hiyo mpaka wameichoka. Hiyo ni sababu nzuri ya kununua IST kuliko sifa zote za dalali. Injini hizo hutumia cheni. Starlet ya zamani yenye 4E hutumia mkanda, na mkanda una ukomo wake: uliza ulibadilishwa lini.

Vitz ilitoka Januari 1999. Ulaya iliitwa Yaris, ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka 2000 huko, na sura yake ilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos.

Je, wajua kwamba gari la miaka 20 lenye kilomita 60,000 linadai limetembea kilomita 3,000 tu kwa mwaka? Safari moja ya Mwanza na Dar es Salaam, kwenda na kurudi, inapita 2,000. Tazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani, ulinganishe. Na kama karatasi ya mnada wa Japani ipo, tafuta daraja: R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa.

Taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake ukifungua swichi, kisha zizime. Isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa balbu.

Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi, baada ya herufi DOT, ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Je, wajua kwamba faini za barabarani hufuata namba ya gari? Mfumo wa polisi unaonyesha deni ukiingiza namba, na bima huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA. Fanya yote mawili mbele ya muuzaji, simu mkononi. Kwenye kadi, angalia kama kuna jina la benki au mkopeshaji. Uhamisho wa umiliki hufanyika TRA, na bila huo gari bado ni la mwenzako. Jihadhari pia na "IT", magari ya kupita yanayoelekea mpakani Rusumo na Kabanga kupitia Tinde, Kahama na Runzewe. Gari la IT likiuzwa bei ya kutupa njiani, kodi yake haijalipwa.

Je, wajua pa kusikilizia beringi? Si mtaani kwenye matuta, ni kwenye lami. Tangu Juni 2025, Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, mtu wa Geita anaenda Mwanza kununua gari bila kungoja pantoni. Ukifika huko, kabla ya kulipa, omba kilomita kumi za lami. Beringi mbovu huvuma, mvumo hupanda na mwendo, na hubadilika ukikata usukani kidogo kulia au kushoto.

Passo, kwa taarifa yako, ni Daihatsu Boon yenye nembo nyingine. Zilitoka pamoja 2004. Ukikosa spea ya moja dukani, taja jina la pili.