Doti ya Baba Katika Damu ya Mama

Msomaji wa Morogoro, mama wa mtoto wa miaka mitatu, ameniandikia swali ambalo halijanitoka kichwani. Figo zake zimeshindwa, anasafishwa damu hospitalini, na mume wake alijitolea kumpa figo moja. Makundi yao ya damu yanaoana. Vipimo vya mume vilikwenda vizuri mpaka kile cha mwisho, ndipo wakaambiwa haiwezekani: damu ya mke ingeishambulia figo hiyo papo hapo. Anauliza iweje, ilhali amembebea mume huyohuyo mimba miezi tisa na mwili wake haukukataa. Chini ya barua ameongeza jingine: akipata figo kwingine, ataweza kuendelea kulala kitanda kimoja na mwanawe?

Kazi za figo na hatua za upasuaji nitaziruka. Zimeelezwa sana tangu Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Nataka kukaa kwenye hilo neno "iweje", kwa sababu jibu lake linashangaza: figo ya mume inakataliwa kwa kuwa mke amemzalia.

Karibu kila seli ya mwili imevaa protini ziitwazo HLA, na kwa hizo kinga ya mwili humtambua mwenyeji na mgeni. Jeni zake zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 6, kwa hiyo hurithiwa kwa mkupuo, furushi moja la baba na moja la mama. Wataalamu huliita furushi hilo haplotaipu, neno lisiloshika kichwani hata ulirudie mara ngapi. Nilifikiria "fungu", lakini fungu lina kazi nyingi tayari. Nimechagua "upande", upande wa kanga, kwa sababu pande mbili hufanya doti, na kila binadamu ana pande mbili hizo, hana zaidi wala pungufu.

Nalipenda neno hili zaidi kila ninavyolitumia. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Upande wa HLA nao una sehemu tatu ambazo madaktari wa figo huzitazama kwanza: A, B na DR. Kila sehemu ina aina nyingi mno, ndiyo maana watu wawili wasio ndugu huwa nadra kufanana. Tofauti na doti ya dukani, ya kwetu si sare: upande mmoja una mji wa baba, wa pili una mji wa mama. Mama anapozaa hampi mtoto doti nzima. Humpa upande mmoja tu, na baba naye humpa mmoja. Kwa hiyo mzazi na mtoto hushirikiana upande mmoja daima. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ndio wenye bahati nasibu: robo ya uwezekano wamevaa doti moja kabisa, nusu wameshirikiana upande mmoja, robo hawana hata uzi unaofanana.

Sasa mtazame mtoto aliye tumboni. Amevaa upande wa baba, ambao kwa mwili wa mama ni ugeni mtupu. Anasalimika kwa sababu seli za nje za kondo la nyuma, zile zinazogusana na damu ya mama, huvua karibu upande wote wa baba; hazionyeshi pindo, mji wala jina lake. Lakini kondo halizibi kila tundu. Seli chache za mtoto huvuka na kuingia katika damu ya mama, na siku ya kujifungua huvuka nyingi zaidi. Mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake walikuta seli zenye kromosomu Y katika damu ya wanawake waliozaa watoto wa kiume, mmoja wao ikiwa imepita miaka 27 tangu ajifungue.

Kinga ya mama hukutana na seli hizo, huusoma upande wa baba, hutengeneza kingamwili dhidi yake na kuuweka kwenye kumbukumbu. Si kwa kila mwanamke. Utafiti wa wachangia damu wa Marekani uliochapishwa 2009 ulikuta kingamwili hizo kwa wanawake 11 hivi kati ya 100 waliowahi kubeba mimba moja, na 32 hivi kati ya 100 waliobeba nne au zaidi. Mume anapokuja na figo, figo hiyo imevaa doti yake nzima, na upande mmoja wa doti hiyo mwili wa mke umeshausoma kwa mtoto.

Na sayansi nzima ya kulinganisha viungo ina deni kwa damu ya akina mama wa namna hii. Mwaka 1958 Jon van Rood huko Uholanzi na Rose Payne huko Marekani, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba damu ya wanawake waliozaa ina kingamwili zinazoshika chembe nyeupe za watu wengine. Kwa miaka mingi, kabla ya vipimo vya jeni, seramu ya wanawake hao, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, ndiyo iliyotumika maabara kusoma doti ya mgonjwa na ya mchangiaji. Paul Terasaki wa Los Angeles alikifanya kipimo hicho kiwezekane kwa tone dogo sana, mwaka 1964. Miaka mitano baadaye, yeye na Ramon Patel wakaonyesha kwa nini seramu ya mgonjwa lazima ikutanishwe na chembe za mchangiaji kabla ya upasuaji: pale chembe zilipouawa, figo 24 kati ya 30 zilishindwa mara moja, pale ziliposalimika, zilishindwa 8 tu kati ya 195. Hicho ndicho kipimo kilichomzuia mume wako, dada yangu. Kimekuokoa na figo ambayo ingekufa ungali kwenye meza ya upasuaji.

Njia zipo. Kaka na dada zako wapimwe. Kuna nchi ambako jozi mbili zilizokwama hubadilishana, mume wa huyu akimpa figo mke wa yule. Korea Kusini walianza 1991. Na kila unapotakiwa kuongezewa damu, muulize daktari kama sindano za kuuchochea mwili utengeneze damu yake zinatosha, maana damu ya mtu baki nayo huja na doti yake, na mwili wako utaisoma vilevile.

Kuhusu kitanda: ndiyo, mtalala pamoja, miezi ya mwanzo ikishapita na mtoto akiwa mzima. Dawa utakazomeza saa zilezile kila siku, takrolimasi na wenzake, hupoza kinga yote, haziwezi kuchagua zipoze chuki dhidi ya figo tu. Mate na mkojo wa mtoto mdogo hubeba virusi vingi. Acha kumalizia makombo yake, na nawa kila unapomtawaza. Chanjo yake ya surua na rubela ni ulinzi wako, hakikisha ameipata. Matone ya polio ni jambo jingine: yana virusi hai vilivyodhoofishwa, na hutoka kwenye choo cha mtoto kwa wiki kadhaa. Kampeni ya nyumba kwa nyumba ikifika, waeleze hali yako na uulizie chanjo ya sindano. Akipata tetekuwanga, piga simu hospitali siku hiyohiyo.

Hukuniuliza kuhusu mimba nyingine, lakini inawezekana. Edith Helm alipewa figo na pacha wake wa kufanana huko Boston mwaka 1956. Machi 1958 akazaa mtoto wa kiume. Yeye na pacha wake walifanana kwa jeni zote, si kwa doti pekee, hivyo hakuhitaji dawa za kupoza kinga. Wewe utazihitaji, na mojawapo, mikofenoleti, huharibu mimba, hivyo hubadilishwa mapema, kabla ya kushika mimba. Kwa kawaida madaktari hutaka upite angalau mwaka mmoja tangu upandikizwe figo.

La mwisho ni kuhusu huyu uliye naye. Mtoto wa miaka mitatu ana uzito wa kilo 14 hivi, na figo mpya hupandikizwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, mahali palepale mama anapombebea mtoto. Hutaruhusiwa kumnyanyua kwa wiki sita au zaidi. Mzoeshe kuanzia sasa kukupandia mwenyewe mapajani ukiwa umekaa.