Pera Liliwe Pamoja na Uji

Katika nyumba nyingi tunda ni la alasiri: mtoto amerudi shule, anakatiwa kipande cha papai, anakula huku akicheza. Ni jambo jema. Ila papai hilohilo likiliwa asubuhi pamoja na uji, humfanyia kazi moja zaidi, nayo ni ya damu.

Ulezi una madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu. Maharage na mchicha pia yanayo. Lakini chuma cha mimea hakifyonzwi kwa wepesi kama cha nyama. Kwenye nafaka na kunde kimeshikwa na kemikali ya asili iitwayo faiteti, na sehemu kubwa hutoka kama ilivyoingia. Vitamini C hukiweka katika hali ambayo utumbo unaweza kukipokea, mradi vikutane tumboni kwa wakati mmoja. Tunda la alasiri halikikuti tena chuma cha uji wa asubuhi. Chai nayo hufanya kinyume: tanini zake hukishika chuma.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo katika sababu, kwa hiyo tunda si dawa ya kila kitu. Lakini chuma kinachopotea mezani ni hasara tunayoweza kuipunguza wenyewe.

Matunda hayalingani. Bingwa ni pera: uzito kwa uzito, lina vitamini C zaidi ya mara 3 ya chungwa. Papai na chungwa hukaribiana. Ndizi mbivu hushibisha, ila kwa vitamini C ni maskini, na epo la bei ya juu lipo nyuma hata ya ndizi.

Moto huharibu vitamini C, kwa hiyo usipike tunda ndani ya uji. Subiri uji upoe, ndipo uponde papai humo. Juisi nayo isichukue nafasi ya tunda, kwani ukiikamua na kuichuja, nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio na sukari huingia kwenye glasi.

Chakula cha shule kina adui mwingine, joto. Embe lililokatwa alfajiri linaweza kuchacha kabla ya mchana. Mfungie mtoto tunda zima lililooshwa: pera, au chenza analoweza kulimenya mwenyewe, ale pamoja na wali na maharage yake.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 6 hadi 9 wale angalau gramu 350 za matunda na mboga kwa siku. Pera la asubuhi na chenza la mchana tayari ni sehemu nzuri ya kiasi hicho. Chai isifutwe, ihamie alasiri, pale lilipokuwa papai.