Kwa Nini Dodoma Ilinyimwa Mchezo wa Redio

Kila ugonjwa wa kuambukiza unapozuka, wasomaji huuliza mambo mawili. La kwanza ni kama mzizi au majani fulani yanakinga. La pili ni kama si bora vyombo vya habari vinyamaze, watu wasije wakapata taharuki. Hilo la pili lilijibiwa zamani, tena hapa hapa Tanzania.

Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliobeba masuala ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila anapoegesha gari, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto. Vituo saba vya Bara viliurusha. Cha nane, Dodoma, kilipewa vipindi vingine hadi 1995, na hilo lilifanywa kwa makusudi. Watu wa Dodoma waliendelea kupata mabango, mahubiri na kampeni za kitaifa kama wenzao. Walichokosa ni mchezo ule tu. Wakibadilika sawa na wengine, basi mchezo haukufanya kazi.

Hawakubadilika sawa. Uchunguzi wa kila mwaka wa kaya ulionyesha kwamba mchezo ulipokuwa ukisikika, wanaume na wanawake walipunguza idadi ya wapenzi na matumizi ya kondomu yakaongezeka.

Kilichotokea katikati, baina ya sikio na tendo, ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini. Tangazo la kawaida humpa mtu habari: ugonjwa upo, unaua, jikinge. Habari hiyo wengi walikuwa nayo tayari na hawakufanya lolote. Mchezo ulifuata mbinu iliyobuniwa na Miguel Sabido wa Mexico katika miaka ya 1970, naye aliijenga juu ya nadharia ya mwanasaikolojia Albert Bandura kwamba binadamu hujifunza kwa kumtazama mwenzake. Wahusika huwa wa aina tatu: wema, wabaya na wanaoyumba. Uzito wote huwekwa kwa huyu anayeyumba, kwa sababu msikilizaji hujiona ndani yake. Tunu alianza kama mke wa kunyamaza. Taratibu akapata ujasiri na kuanzisha biashara yake ndogo. Mkwaju hakubadilika, na virusi vikampata. Watafiti waligundua kwamba mchezo ulipitia njia nne: msikilizaji alitambua kwamba naye yumo hatarini, aliamini kwamba anaweza kujikinga, alijifananisha na wahusika, na alizungumza na wenzake. Hii ya mwisho ina nguvu ya pekee. Mke asiyethubutu kumuuliza mumewe kuhusu safari zake anaweza kumuuliza kuhusu safari za Mkwaju, na mazungumzo yakaanzia hapo.

Tanzania ilikuwa imeonja nguvu hiyo miaka 20 kabla. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi kuhusu malaria, kuhara damu, kichocho, safura au kifua kikuu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka.

Uvumi nao hupita njia hiyo hiyo ya mazungumzo. Bado wapo wanaoamini kwamba mbu huambukiza UKIMWI. Haambukizi. Mbu hana sindano inayorudisha damu: mate hutoka kwa mfereji mmoja, damu huingia kwa mwingine, na virusi vya UKIMWI (VVU) humeng'enywa tumboni mwake. Kimelea cha malaria hupenya utumbo wa mbu na kufika kwenye tezi za mate. VVU haviwezi hata kuzaliana ndani ya mdudu huyo.

Swali lile la kwanza, la mizizi na majani, nalo lilijibiwa. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kilichosifiwa kutibu UKIMWI na kisukari. Habari ilienea upesi mno, na kikombe hakikuponya. Mganga anayenunua muda wa redio kuuza chupa ya "kumaliza virusi" anatumia mbinu za Sabido bila ukweli wa Sabido: ushuhuda, sauti ya jirani, machozi. Mgonjwa akimwamini na kuacha dawa za ARV, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache. Mhariri anayepokea fedha za tangazo hilo anashiriki katika madhara hayo.

Kwa hiyo: usiache dawa kwa sababu ya ushuhuda. Ukisikia tetesi za mlipuko, piga 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya. Na kipindi cha afya kikiisha, usizime redio ukalala. Muulize uliyekaa naye amesikia nini na nyumba yenu itafanya nini kesho.