Kuhifadhi Matokeo Mengi ya Kazi Moja katika Uchanganuzi wa Matini kwa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayechanganua matini za Kiswahili kwa kompyuta hupata, katika usomaji mmoja, zaidi ya tokeo moja: orodha ya maneno yaliyochanganuliwa na idadi ya kutokea kwake, orodha ya sentensi, na mabaki, yaani maneno ambayo kanuni za mofolojia zimeshindwa kuyachanganua. Matokeo hayo hutegemeana. Idadi ya maneno yaliyochanganuliwa, ikijumlishwa na ya mabaki, sharti ilingane na jumla ya maneno ya matini. Makala haya yanaeleza namna ya kuyahifadhi katika faili tatu bila kuuvunja ulinganifu huo, kwa kutumia Luigi, maktaba ya lugha ya Python iliyoundwa katika kampuni ya Spotify na kutolewa kwa umma mwaka 2012.

2.0 Kazi na Tokeo Lake

Katika Luigi, kazi hujengwa kwa sehemu tatu: 'requires' hutaja kazi zinazotangulia, 'output' hutaja tokeo, na 'run' hutenda. Si lazima 'output' irejeshe faili moja. Yaweza kurejesha orodha, au kamusi. (Neno kamusi hapa lisimtatize mwanaleksikografia: ni jozi za ufunguo na thamani tu.) Kamusi ni bora, kwani kazi inayofuata huiita faili kwa jina lake, mathalani self.input()['mabaki'], wala haitegemei nafasi yake katika orodha.

(1)
class ChanganuaMatini(luigi.Task):
    toleo = luigi.Parameter()
    def output(self):
        return {j: luigi.LocalTarget('%s_%s.txt' % (j, self.toleo))
                for j in ('maneno', 'sentensi', 'mabaki')}

3.0 Suala la Ukamilifu

Luigi huihesabu kazi kuwa imekamilika iwapo faili zote zilizotajwa zipo. Ikikosekana moja, kazi nzima hurudiwa. Lakini kinachokaguliwa ni kuwapo kwa faili, si yaliyomo, na hapa ndipo penye hatari.

Tuchukulie kwamba majina ya faili hayana toleo, na kwamba kanuni za awali hazikushughulikia o-rejeshi, hivyo umbo kama 'waliotusaidia' likaangukia katika mabaki. Mtafiti anazirekebisha kanuni, kisha anafuta faili ya maneno peke yake ili kazi irudiwe. Kazi inaandika faili mpya ya maneno, halafu inakatika kabla ya kufikia mabaki. Mara ijayo Luigi itazikuta faili zote tatu, na haitafanya lolote. 'Waliotusaidia' sasa limo katika faili mbili, jumla imezidi, na mwanafunzi anayesoma mabaki pekee atahitimisha kwamba kanuni zetu haziwezi kuchanganua virejeshi. Hitimisho hilo laweza kuingia katika tasnifu bila ya kompyuta kutoa onyo lolote.

Kinga ya kwanza ni kulitia toleo la kanuni katika jina la faili, kama ilivyo katika (1). Kanuni zikibadilika, toleo hubadilishwa, na faili za zamani hubaki kando zikiwa na jina lao. Kinga ya pili ni kuzifungua faili zote pamoja:

(2)
t = self.output()
with t['maneno'].open('w') as m, \
     t['sentensi'].open('w') as s, \
     t['mabaki'].open('w') as b:
    changanua(matini, m, s, b)

LocalTarget huandika kwanza katika faili ya muda, na huipa jina lake halisi inapofungwa. Hitilafu ikitokea ndani ya (2), hakuna faili hata moja itakayopata jina. Hata hivyo majina hutolewa moja baada ya jingine, na umeme waweza kukatika katikati. Kwa hiyo kinga ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi, maana chini ya toleo jipya faili iliyokosekana hugunduliwa papo hapo.

Wapo wanaopendekeza kuigawa kazi hii iwe tatu. Hilo lafaa pale ambapo matokeo hayategemeani. Kwa maneno na mabaki halifai: matini itasomwa zaidi ya mara moja, na hakuna kitakachohakikisha kwamba kila usomaji umetumia kanuni zilezile.