Gari Linaposita Mlimani: Tupime Kwanza, Tununue Baadaye



Katika sharika na vituo vyetu vingi gari ni moja, lakini kazi zake ni nyingi. Asubuhi linapeleka muuguzi na dawa, mchana linabeba mabomba ya kisima, jioni linarudisha wajumbe wa kamati makwao. Mengi ya magari haya yana umri mkubwa, na mafundi wanayafahamu kuliko sisi tunaoyalipia. Makala hii inaeleza tatizo moja linaloyapata mara kwa mara, yaani injini kusita unapokanyaga mafuta, na namna ya kutafuta chanzo chake bila kupoteza fedha. Tumeiandika kwa ajili ya wajumbe wa kamati wanaoidhinisha malipo ingawa si mafundi, na pia kwa wafadhili wetu, ambao wana haki ya kuuliza kwa nini matengenezo yanagharimu kiasi kile.

Yaliyotupata sisi

Gari letu la miradi ni Toyota Land Cruiser, lile ambalo vijana huliita "mkonga" kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele. Injini yake ni ya dizeli, aina ya 1HZ. Injini hii ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina tabo, na pampu yake ya mafuta hufanya kazi kwa mitambo, si kwa kompyuta. Ni injini ngumu na mvumilivu, ndiyo maana mashirika mengi yameitegemea kwenye barabara za vijijini.

Siku moja tuliondoka Posta kwenda Maneromango, wilayani Kisarawe. Kwenye foleni hadi Gongo la Mboto hatukuona tatizo lolote. Tulipoanza kupanda vilima vya Pugu, dereva alikanyaga mafuta na gari likanyamaza kidogo, likastuka, likavuta, kisha likanyamaza tena. Tulipanda kwa gia ya pili huku malori yakitupigia honi. Hakukuwa na moshi mweusi wala mweupe.

Tulilipeleka gereji. Fundi alisikiliza injini kwa dakika chache, akasema pampu ya mafuta imekwisha. Tukaulizia bei kwenye maduka ya spea Kariakoo, na hata pampu iliyotumika ingemaliza karibu fungu lote la magari la robo mwaka. Niliandika barua kwa kamati na kwa wafadhili nikieleza kwamba pampu imekufa. Kamati ilikaa, ikaidhinisha. Barua ile niliiandika na kuitia saini mimi mwenyewe, na hadi siku ile hakuna aliyekuwa amepima chochote.

Kabla ya kulipa, tulimwonyesha gari fundi mmoja mzee pale Gerezani. Hakufungua boneti. Alimgeukia dereva na kumwuliza, "Kijana, asubuhi linawakaje?"

Dereva akajibu, "Mzee, haliwaki mpaka nibonyeze ile pampu ya mkono juu ya chujio, mara kumi na tano, ishirini. Ni kama miezi miwili sasa."

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia kwa adabu kwamba hakuna aliyemwuliza. Jibu lile la dereva ndilo lililotuonyesha mahali pa kutafuta.

Safari ya dizeli kutoka tangi hadi silinda

Ili kuelewa kwa nini swali lile lilikuwa la maana, tufuate njia ya mafuta. Dizeli hutoka kwenye tangi, ikapita kwenye bomba refu chini ya gari, ikaingia kwenye chujio, kisha kwenye pampu. Pampu huisukuma kwa nguvu kubwa sana kwenda kwenye nozeli, ambazo huipuliza ndani ya silinda.

Katika injini ya aina hii, kuanzia tangi hadi pampu mafuta hayasukumwi, bali hufyonzwa, kama mtu anavyonywa soda kwa mrija. Mrija ukiwa na tundu dogo, soda haimwagiki nje, bali hewa huingia ndani. Ndivyo ilivyo kwa bomba la dizeli. Mpira uliopasuka unaweza usidondoshe hata tone moja chini ya gari, na bado ukaingiza hewa injini inapofanya kazi. Usiku, hewa hiyo huyaachia mafuta yarudi kwenye tangi, na asubuhi gari linakuwa gumu kuwaka. Mlimani injini inahitaji mafuta mengi, ufyonzaji unaongezeka, na hewa nayo inazidi. Gari linasita. Kwa kuwa mafuta hayafiki ya kutosha, hakuna moshi mweusi.

Kwa hiyo dalili zetu tatu, yaani ugumu wa kuwaka asubuhi, kusita mlimani na kukosekana kwa moshi, zote zilielekeza kwenye njia ya kabla ya pampu.

Jaribio la kidumu

Fundi mzee alitumia kifaa kisichozidi kidumu safi cha lita tano na mipira miwili inayoonyesha ndani. Chini ya kilima cha Pugu aliujaza dizeli safi, akakifunga kidumu kwa kamba imara mahali palipo juu kuliko pampu na mbali na bomba la moshi. Mpira mmoja ulileta mafuta kutoka kwenye kidumu hadi kwenye chujio, badala ya bomba la tangi. Mpira wa pili ulirudisha kwenye kidumu mafuta yanayobaki. Akatoa upepo kwa pampu ya mkono, akawasha.

Gari lilipanda bila kusita hata mara moja.

Maana ya jaribio hili ni rahisi. Gari likipona likinywa kutoka kwenye kidumu, pampu na nozeli hazina kosa, na tatizo liko kwenye tangi au mabomba yake. Likiendelea kusita, chujio nalo linarukwa ili lipimwe peke yake. Likisita hata hapo, ndipo tunaposogea kwenye pampu, nozeli na hewa. Mpira unaoonyesha ndani una faida nyingine, kwamba mapovu ya hewa yanaonekana kwa macho, na hata asiye fundi anaweza kushuhudia. Tahadhari: jaribio hili ni la magari ya dizeli tu, na lifanywe na fundi. Kwa petroli ni hatari ya moto.

Tulipotazama chini ya gari, tulikuta kipande kifupi cha mpira kati ya tangi na bomba la chuma kimechanika chini ya klipu yake. Gharama ya mpira na klipu mbili mpya haikufikia hata nauli za wajumbe wa kikao kilichoidhinisha pampu.

Vyanzo vingine, kuanzia cha bei nafuu

Si kila gari linalosita lina mpira uliochanika. Utaratibu mzuri ni kuanza na yale yasiyogharimu kitu.

1. Mfuniko wa tangi. Tangi linahitaji kupumua. Tundu lake likiziba, gari huenda vizuri kwa muda kisha likaishiwa nguvu. Likisita, simama, fungua mfuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na gari likapona, umepata jibu.

2. Maji na uchafu kwenye chujio. Chini ya chujio la dizeli kuna mahali pa kufungulia maji. Fungua mpaka itoke dizeli safi. Hili ni muhimu hasa wakati wa masika na pale tunaponunua dizeli ya kwenye mapipa. Kumbuka pia kwamba ndani ya tangi kuna wavu unaoweza kuziba kwa takataka, hata kama chujio ni jipya.

3. Eklina. Chujio la hewa likijaa vumbi, injini hukosa hewa na hutoa moshi mweusi. Mkonga husaidia kuvuta hewa yenye vumbi pungufu, lakini hauondoi haja ya kukagua eklina.

4. Rangi ya moshi. Moshi mweusi ni dalili ya mafuta kuzidi hewa. Mweupe, hasa injini ikiwa imeshapata moto, ni dalili ya dizeli isiyoungua, na unaweza kutokana na nozeli, majira ya pampu au silinda kukosa mgandamizo. Wa bluu ni oili ya injini inayoungua. Gari lisilo na nguvu wala moshi, kwa kawaida limekosa mafuta.

5. Silinda moja moja. Injini ikiwa inamisi hata ikiwa imesimama, fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine. Akilegeza ya silinda nzima, mngurumo hubadilika. Usipobadilika, silinda hiyo ndiyo yenye tatizo. Mtu yeyote asisogeze mkono penye mafuta yanayochuruzika. Dizeli ya mgandamizo huo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo huhitaji hospitali haraka.

6. Nozeli, na mwisho kabisa pampu. Hizi zipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kupimia. Pampu isifunguliwe juu ya meza ya gereji yenye vumbi. Omba matokeo ya vipimo kwa maandishi.

Kwa sharika zenye magari ya petroli, kanuni ni ile ile. Anza na plagi, nyaya zake, chujio la petroli na eklina. Yenye kabureta hukaguliwa pampu yake ndogo ya kuongeza mafuta unapokanyaga. Yenye taa ya injini kwenye dashibodi yapimwe kwa kompyuta kwanza. Hata hivyo, kompyuta hutaja eneo lenye tatizo, si lazima kifaa cha kununua.

Mafuta na spea tunazonunua

Wengi wetu tunakumbuka miaka ambayo mafuta ya taa yalichanganywa kwenye dizeli kwa sababu ya tofauti ya bei. Neno "uchakachuaji" lilienea nchini wakati huo. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vizuri, ilhali pampu ya aina yetu hulainishwa na dizeli yenyewe. EWURA ilianzisha mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi hicho. Pamoja na hayo, nunua kwenye kituo kinachotoa risiti na uiandike kwenye daftari la gari. Gari likianza kusita mara baada ya kujaza, risiti hiyo itakusaidia.

Kuhusu spea, Kariakoo kuna kila kitu, orijino na feki, mara nyingine ndani ya boksi linalofanana. Dereva asiende peke yake na fedha taslimu, wala asiongozwe na madalali wanaomshika mkono barabarani, ambao siku hizi huitwa mawinga. Aende na kifaa cha zamani mkononi na namba ya injini kwenye karatasi, adai risiti yenye jina la duka, na kifaa kilichotolewa kirudi ofisini. Chujio feki linaweza kupitisha uchafu ukafika kwenye pampu, na hapo ugonjwa tuliouogopa bila sababu utakuwa wa kweli.

Tunachoomba kwa kamati

Tunapendekeza kamati zisiidhinishe ununuzi wa kifaa kikubwa cha injini kabla ya kupata majibu ya maswali manne, kwa maandishi:

• Dereva anasema nini? Tatizo lilianza lini, linatokea gari likiwa baridi au la moto, tambarare au mlimani, na asubuhi linawakaje?
• Ni vipimo gani vimefanyika, na nani alishuhudia?
• Ni vyanzo gani vya bei nafuu vimeondolewa?
• Je, fundi wa pili ameliona?

Wafadhili wetu nao tunawaomba wasishangae wanapoona kwenye taarifa zetu malipo madogo ya kupima. Ni nafuu kumlipa fundi nusu siku ya kutafuta kuliko kununua pampu kwa kubahatisha.

Baada ya gari kupona, ilinibidi niandike barua ya pili, kueleza kwamba ya kwanza haikuwa sahihi na kwamba fedha zilikuwa bado zipo. Haikuwa barua rahisi kuiandika. Kamati ilikubali fedha zile zinunue matairi, ambayo yalikuwa yamekwisha kweli, na safari hii mweka hazina aliinama akayatazama mwenyewe kabla ya kutia saini. Dereva naye sasa ana ukurasa wake kwenye daftari la gari, na kila Jumatatu tunauliza gari limewakaje, kisha tunaandika analosema.